Shokapu na springi mpya za mbele kwenye pikapu yangu: uzoefu wa kilomita 12,000

Nilibadilisha shokapu na springi za mbele baada ya kuifunga pikapu yangu bampa ya chuma na winchi, uzito ambao springi za kiwandani hazikutengenezwa kuubeba. Pua ilikuwa imeshuka, na kila nilipokanyaga breki iliinama kama ng'ombe anayekunywa maji.

Seti niliyonunua ina springi iliyovalishwa juu ya shokapu, pamoja na ringi yenye nyuzi ambayo huzungushwa ili kuinua au kushusha gari. Ringi hiyo ndiyo iliyoniponza. Kwa tamaa ya kimo niliikaza hadi pua ikapanda sentimita 7. Kumbe kuikaza hakuongezi ugumu wa springi, bali hupunguza nafasi ya gurudumu kushuka linapoingia shimoni. Kila nilipovuka tuta, shokapu ilivutika hadi mwisho wake kwa kishindo cha chuma nilichokihisi mikononi, na ekseli zilikaa kwa pembe kali hata buti moja, yaani mpira unaofunika kiungo cha ekseli, ikaanza kutoa grisi. Nilipoishusha hadi sentimita 4, kishindo kilikoma.

Baada ya hapo ndipo nilipoonja ubora wake. Kwenye changarawe yenye vijituta vilivyofuatana kama rasta, mafuta ya shokapu za zamani yalikuwa yakipata joto na kujaa mapovu, na gari likawa linaelea. Hizi mpya zina gesi ya naitrojeni na kopo la ziada la mafuta pembeni, na hata baada ya saa 2 za mtikisiko gari hufuata usukani bila kubishana. Niliwahi kufunga kamba nyembamba ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu ili nione inasukumwa hadi wapi: katika safari mbovu kuliko zote ilibakiza upana wa kidole kimoja tu kufika mwisho, maana yake springi zinauweza uzito wangu.

Lawama yangu ni kwa ufungaji. Fundi alikaza bolti za bushi (mipira ya maungio) za mikono ya chini, ile vyuma inayoshikilia magurudumu, magurudumu yakiwa bado yananing'inia, ilhali bushi za mpira hukazwa gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, la sivyo hubaki zimejisokota muda wote. Miezi 3 baadaye nilichungulia kwa tochi nikakuta mpira umechanika karibu mduara mzima na kubanduka kwenye chuma. Nilinunua bushi nyingine na kuzikaza mwenyewe, nikiwa nimelala uvunguni.

Alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu, niliichelewesha kwa wiki 2, kosa langu mwenyewe, na matairi ya mbele yakalika upande mmoja. Taa pia zilihitaji kuinamishwa, kwani zilikuwa zikiwapiga macho madereva niliopishana nao.

Ringi sijaizungusha tena, ila kila nioshapo gari huzisugua nyuzi zake kwa brashi, kwa sababu tope likikaukia humo ringi haifunguki kwa spana wala kwa maombi.