Boda wanaosubiri mteja ajaribu gauni: miezi minane nao

Kabla ya yote, jina lao silitaji. Mara ya mwisho nilimsifia fundi wangu wa zipu kwenye stetasi, wiki iliyofuata nikapanga foleni kwake kama mgeni. Hawa ni ofisi ndogo ya kusambaza mizigo, fremu moja Ilala, Dar es Salaam, dada mmoja mwenye madaftari mawili na boda saba. Nimewatumia kuanzia Juni hadi Januari, mizigo mitano mpaka tisa kwa wiki, kwa hiyo ninachoandika hapa nimekilipia.

Mie nauza magauni ya mitumba. Meza yangu ilikuwa soko la Karume, ikaenda na ule moto wa Januari 2022, na tangu hapo nauzia sebuleni kwangu Tabata, kwa simu. Kupointi, yaani kuchagua nguo nzuri moja moja, bado naenda kama zamani, saa kumi na moja alfajiri nimeshafika kusubiri belo zifunguliwe. Nikirudi nafua, napiga pasi, natundika kwenye pazia jeupe, napiga picha. Kilichobadilika ni mteja. Karume mteja alikuwa analigeuza gauni ndani nje, ananusa makwapa, analinyanyua juani kutafuta matundu, analivaa juu ya nguo zake huku shosti wake kamshikia pochi. Likimfaa analipa, lisipomfaa analirudisha kwenye lundo, na hakuna aliyenuna. Mtandaoni ananunua picha, halafu anapokea kitambaa. Karibu kila ugomvi nilioupata na wateja umezaliwa hapo katikati.

Ndiyo maana kilichonifanya nikae na hawa boda ni dakika kumi. Boda akifika, mteja anaacha hela yote kwake, au muamala uwe umeshaingia kwangu, kisha anaingia ndani na gauni, analijaribu, anajitazama kwenye kioo chake mwenyewe, anatoka na jibu. Likikataa anarudishiwa hela yake hapo hapo getini, nauli ya boda tu ndiyo hairudi. Boda niliowatumia kabla walikuwa wanakabidhi mfuko pikipiki ikinguruma, wanawahi oda nyingine. Mteja anaingia ndani, na baada ya nusu saa mie naletewa voisi ya dakika tatu ambayo siwezi kuisikiliza mbele ya watoto.

Mfano. Septemba, dada mmoja wa Kimara alichukua gauni la bluu la 38,000. Nilimwandikia vipimo vyote: kifua inchi 38, kiuno 32, urefu 45. Akajibu, "Sawa dia, mimi navaa kumi na mbili." Boda akanipigia kutoka getini: "Dada, zipu imegoma katikati ya mgongo." Nikaomba nizungumze naye.

"Mpenzi, ulijipima na futi?"

"Sikujipima, ila gauni limeandikwa kumi na mbili na mimi ni kumi na mbili."

Hapa wauzaji wa mitumba tunachoka. Kumi na mbili ya Uingereza ni kama nane ya Marekani, na zote mbili unazikuta lundo moja pale chini. Yeye kumi na mbili yake ilikuwa ya Marekani. Nikamweleza, akacheka kidogo, akarudishiwa 38,000 zake, gauni likarudi Tabata na Jumapili likachukuliwa na jirani. Kwa boda wa zamani hadithi hiyo ingekuwa imeishia kwenye maneno ya "tapeli huyu msinunue kwake", na watu mia mbili wanasoma.

Bei zao si za huruma. Mjini na maeneo ya karibu 5,000, Mbezi na Tegeta 8,000, Kigamboni na Bunju 10,000. Boda wa kijiweni atakupunguzia elfu mbili mpaka tatu. Na wana sharti ambalo mwanzoni nililichukia: nauli inalipwa kabla boda hajawasha pikipiki. Wateja walinuna, wawili wakaniblock. Ila baada ya mwezi nikaona kitu. Wale wa "nipo getini" kumbe simu imezimwa, wale wa "niwekee mpenzi kesho nachukua", wale wa kuomba mzigo ufike Goba halafu wanasema mume hayupo, wote wamepungua. Asiyekuwa na elfu tano asubuhi, elfu arobaini mchana atazitoa wapi? Zamani mzigo uliorudi nilikuwa nalipa mie, kwenda na kurudi. Agosti peke yake ungenigharimu nauli za safari sita.

Siku niliyowapenda kabisa ni ya Mwenge, Novemba. Gauni la sendofu, 65,000. Boda akapiga: "Dada, mteja ametuma, ujumbe nimeuona kwenye simu yake." Simu yangu kimya. Nyuma namsikia mteja anasema kwa sauti, "Mtandao leo unasumbua, na mie nina haraka." Mara ujumbe ukaingia kwangu. Ulikuwa mzuri: una namba ya muamala, una kiasi, una saa, una salio. Tatizo la kwanza, ulitumwa na namba ya kawaida kabisa, ya mtu. La pili, salio liliandikwa 212,400, na mie asubuhi ile nilikuwa nimenunua luku nikabaki na elfu kumi na nne na vijisenti. Nikamwambia boda, "Kaka, salio hilo ningelikuwa nalo leo nisingeuza nguo."

Hakubishana, hakutoa sauti. Akasema tu, "Mpaka dada aseme imeingia," na mfuko alikuwa hajaufungua kwenye kamba. Dada wa ofisini ndiye aliyewafundisha hivyo, wamekatazwa kuamini simu ya mteja hata kama mteja ni mama mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo. Yule mteja akaingia ndani, akatoka na noti sita za elfu kumi, na noti moja ya elfu tano. Mtandao ulikuwa umepona.

Kurudisha nguo nako tumewekeana utaratibu. Kila gauni nalifunga kijiuzi chekundu kwenye kichwa cha zipu, kifundo kidogo. Ukijaribu hakikusumbui, ila kukivaa ukumbini utaona aibu, lazima ukikate. Kikikatwa, gauni ni lako. Desemba nilipata mteja aliyechukua gauni la kijani Ijumaa, Jumatatu akasema halimtoshi, njoo mlichukue. Boda akaenda, akaangalia zipu, uzi hakuna. Akageuza kola: poda ya rangi ya karanga mstari mzima, na manukato yanayofika barabarani. Akapiga picha, akamrudishia gauni kwa adabu, akaondoka. Jioni mteja ananiandika mwizi hadharani. Sikujibu kule. Nilimtumia picha mbili kwa siri, bila neno hata moja: ya kola, na ya stetasi yake mwenyewe ya Jumamosi akiwa kwenye kicheni pati, kijani tupu, mikono juu. Kufika saa tatu usiku alikuwa ameshafuta.

Mizigo ya mikoani wanafanya, lakini wa kawaida tu. Wanapeleka stendi ya Magufuli, Mbezi, wanapakia kwenye basi, wanakutumia picha ya risiti. Mara mbili picha ilikuja usiku wakati basi limeshavuka Morogoro, na mteja wa Dodoma alikuwa ananipigia kila robo saa. Kwa mikoani natafuta mtu mwingine.

Sasa mabaya yao, maana yapo. Hela za mteja aliyelipa taslimu wanakukabidhi Ijumaa. Mara tatu Ijumaa ikawa Jumatatu. Kwa mwenye duka kubwa hilo si kitu, ila mie Jumamosi ndiyo siku yangu ya kupointi, naangalia wenzangu wanaokota hariri huku mtaji wangu umeandikwa vizuri kwenye daftari la mtu Ilala. Siku hizi nawabembeleza wateja walipie lipa namba yangu moja kwa moja, wakiona jina la duka kwenye simu hata wao wanapata amani.

La pili halikunifurahisha kabisa. Boda mmoja alimwandikia mteja wangu saa nne usiku, eti anamsalimia tu. Namba aliipata kwenye mzigo. Mteja aliniletea picha ya ujumbe, nikampelekea dada wa ofisini, na kijana yule sikumuona tena. Sasa namba ya mteja naandika kwenye kikaratasi kinachobaki ofisini, wanampigia wao. Inachelewesha kidogo, na mie nauza kwa wanawake wanaokaa peke yao, kwa hiyo acha ichelewe.

La tatu ni mabegi. Wana mabegi makubwa ya mgongoni, yana zipu ya kawaida juu, na maji yanapita kwenye zipu kama chujio. Mvua za vuli zilinikuta na gauni la kitani rangi ya maziwa, limekaa juu ya mkoba mwekundu wa muuzaji mwingine. Lilifika Sinza lina ramani ya pinki tumboni. Walinilipa nusu, bila kelele, siku ile ile. Mie sasa nafunga kila kitu mifuko miwili ya nailoni na selotepu juu.

Nyota nne. Ya tano nimewaambia wazi wataipata wakibadilisha mabegi, dada akasema "tunalifanyia kazi". Hiyo ilikuwa Desemba. Masika yanakaribia, na hapa sebuleni nina sketi tatu nyeupe za kwenda Mbagala.