AppImage kwa programu ya dukani, uzoefu wangu baada ya karibu mwaka

Wadau, hii AppImage, yaani njia ya kufungasha programu ya Linux pamoja na laibrari zake kuwa faili moja, nimeitumia karibu mwaka sasa na acha niseme nilichokiona, maana ilinitoa kwenye shida iliyokuwa inaninyima usingizi.

Nina programu ndogo ya stoku ya duka la pembejeo, nimeiandika kwa C++ na Qt (laibrari za kutengeneza madirisha na vitufe), anaitumia mama mdogo Makambako kwenye kompyuta ya zamani yenye Linux Mint 20, na intaneti ya pale ni bando la simu tu. Mimi niko Morogoro. Mwanzoni nilikuwa nampa programu tupu nikishaikompaili, kafaili ka MB 2, afu kijana wa dukani akibofya kimya, akijaribu kwenye teminali inalalamika laibrari ya Qt haipo, namwelekeza aishushe, bando linakata katikati, huku mama mdogo anapiga simu "mwanangu wateja wamejaa hapa, niandike kwenye daftari?" Iliniuma sana, msimu wa mbolea haumsubiri mtu.

AppImage yenyewe haina uchawi. Unaandaa folda la AppDir, programu inakaa usr/bin, laibrari zake usr/lib, juu kabisa unaweka faili la .desktop, aikoni, na AppRun ambayo ndo inawasha kila kitu, afu vyote vinabanwa vinakuwa faili moja. Anayepokea hainstoli chochote na nywila ya admini haitakiwi, anakopi toka kwenye flashi, analiruhusu faili kujiendesha, anabofya, basi. Kazi ya kukusanya laibrari naiachia zana inayoitwa linuxdeploy, ila plagini yake ya Qt usiiache, bila hiyo xcb, kipande ambacho Qt inakitumia kufungua madirisha, haiingii ndani na dirisha halifunguki ng'o.

Sasa hapa ndo pa kusikiliza. Faili la kwanza nililitengeneza kwenye laptopu yangu ya Ubuntu 22.04, kwangu safi kabisa, Makambako likagoma, linasema GLIBC_2.34 haipatikani. Siku 2 nzima nahangaika nalo. Kumbe glibc, laibrari ya msingi ya C ambayo programu nyingi za Linux zinaitegemea, kwa kawaida haibebwi ndani ya AppImage, inatumika ileile ya kompyuta husika, na programu uliyoikompaili kwenye glibc mpya mara nyingi inaikataa ya zamani, ila ya zamani ukiipeleka kwenye mpya inakwenda tu. Ubuntu 22.04 ina 2.35, na Mint 20 imejengwa juu ya Ubuntu 20.04 yenye 2.31, ingekubali vipi? Kwa hiyo kompaili kwenye mfumo mkongwe kuliko yote unayotaka kuihudumia. Mimi sa hivi nafanyia ndani ya Docker (kama boksi lenye mfumo mwingine ndani ya kompyuta yangu) yenye Ubuntu 20.04, na kwa kuwa linuxdeploy nayo ni AppImage na humo hamna FUSE, ile inayoiwezesha AppImage kusoma vilivyobanwa ndani yake bila kuvifungua kwanza, naiendesha na --appimage-extract-and-run ili ijifungue kwanza ndo iwake.

FUSE hiyohiyo ilinisumbua duka la pili, wao wana Ubuntu 22.04 ambayo haiji na libfuse2, laibrari ya FUSE ya toleo la zamani, faili halikufunguka kabisa. Nikalifungasha upya kwa rantaimu (kipande cha mwanzo wa faili kinachoiwasha AppImage) mpya isiyoitegemea libfuse2, likakubali.

Ubaya wake ni ukubwa, MB 2 zangu zimekuwa 38, kwa hiyo siwatumii kwa bando, flashi inapanda basi. Na kwenye menyu ya kompyuta haijitokezi yenyewe, ile shotikati ya desktopu nilimtengenezea kwa mkono. Kwangu hayo yanavumilika kabisa ukilinganisha na nilikotoka, na mwenye wateja wasio na intaneti ya uhakika namshauri aanze na hii kabla ya njia nyingine yoyote.

Toleo la Novemba kijana wa dukani aliliweka mwenyewe, alifuta la zamani akakopi jipya, simu aliyonipigia ilikuwa ya kuniambia wameshaanza kuuza.