Linux Mint kwenye kompyuta ya kaunta: miezi mitano baadaye

Kompyuta ninayoizungumzia ni ya dukani kwangu, duka la steshenari: Core i5 ya kizazi cha nne, mtumba, RAM GB 8, diski ya SSD niliyoiongeza mwenyewe. Ndiyo inayolisha watu nyumbani. Barua, CV, mitihani ya shule za jirani, picha za pasipoti, vyote vinapita hapo. Windows 10 iliyokuwamo ilifika mwisho wa matunzo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitaki mashine hii, kwa kuwa inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda juu. Kulikuwa na nafasi ya kujiandikisha upate viraka vya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, hadi 13 Oktoba 2026. Nikaona huko ni kuahirisha msiba.

Fundi ninayemfahamu akaniambia, "Bosi, nakupigia 11 kwa njia ya panya, elfu ishirini tu." Inawezekana kweli, wengi wamepigiwa. Lakini siku apdeti kubwa ikigoma kuingia kwenye mashine isiyotambuliwa, na foleni ya wateja imefika mlangoni, nitamlilia nani?

Nikachukua Linux Mint 22.2, mfumo endeshi unaokaa mahali pa Windows, ile yenye mwonekano uitwao Cinnamon. Sikuichagua kwa itikadi yoyote. Menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, na binti anayenisaidia dukani hakuhitaji darasa. Toleo hili linatunzwa hadi 2029, na halina leseni ya kununua wala ya kukraki. Faili la kupakua linakaribia GB 3, kwa hiyo nilisubiri bando la usiku, nikalichoma kwenye flashi ya GB 8.

Hapa naomba utulie. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako, na watu wengi hapo hawakai hata dakika tano, wanakimbilia kusakinisha. Mimi nilikaa saa nzima. Printa ilijitambulisha yenyewe, nikachapa kurasa mbili. Sauti ikatoka. Kidude cha waifai cha kuchomeka kwenye USB kilikaa kimya kama maiti, nikaunganisha simu kwa waya, intaneti ikaja papo hapo. Skana ya ile ile printa haikuitika kabisa. Yote hayo niliyajua kabla sijafuta kitu. Kusakinisha kwenyewe hakukufika nusu saa. Ila ukichagua kufuta diski, inafuta kweli, basi hamisha kazi za wateja kwanza.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni flashi za wanachuo. Kwenye steshenari yoyote unazijua: unaichomeka, unakuta shotikati tupu, kazi ya mtu imefichwa kwenye folda isiyo na jina, na mwenyewe anakaribia kulia kwa sababu anawasilisha saa nane. Mint haijali ule ufichaji wa Windows, folda inaonekana waziwazi na kazi imo ndani. Kirusi nacho kipo pale pale, kimelala, maana kiliandikwa kwa ajili ya Windows. Nakifuta, namrudishia mtu flashi yake safi. Zamani antivairasi ilikuwa inakula nusu ya nguvu za mashine na bado kila baada ya miezi michache tulipiga Windows upya.

Fonti ndizo zilizonitoa jasho. LibreOffice, programu ya kuandikia inayokuja na Mint, inafungua mafaili ya Word, lakini CV iliyoandikwa kwa Calibri na kujazwa majedwali ilikuja na mistari imeshuka, ukurasa mmoja ukawa mmoja na robo. Mteja hakunielewa, na alikuwa na haki. Nikaongeza fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana sawa na za Calibri, pamoja na kile kifurushi kinacholeta Times New Roman na Arial. Tisa kati ya kumi sasa zinakaa sawa. Kwa ile ya kumi namwomba mteja anitumie PDF. (Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice kwa Kiswahili, na LibreOffice ni tawi la OpenOffice hiyo hiyo. Sijakutana na mteja hata mmoja aliyewahi kuiona.)

Kuhusu kuitunza: apdeti zinaonyeshwa kwenye orodha na ukubwa wake, unaamua mwenyewe lini uzipakue. Mimi ni Jumapili jioni. Haijawahi kujizima nikiwa katikati ya mtihani wa darasa la saba. Timeshift, inayopiga picha ya mfumo ili uweze kurudi nyuma mambo yakiharibika, niliiwasha kwa pupa, kila siku picha moja, na baada ya wiki kadhaa diski ikajaa hadi LibreOffice ikashindwa kuhifadhi. Sasa ni mara moja kwa wiki, zinabaki mbili. Na ujue kwamba kwa kawaida yake haihifadhi nyaraka zako, ni mfumo tu. Za wateja nazinakili kwenye diski ya nje kila jioni.

Mwalimu mmoja mstaafu aliinama akaangalia skrini, akauliza, "Hii Windows gani, mwanangu?"

"Si Windows, mwalimu. Inaitwa Mint."

"Inachapa?"

"Inachapa."

"Haya, nitolee nakala thelathini."

Nyota nne kati ya tano. Kama kazi yako inategemea programu moja ya Windows isiyo na mbadala, ya hesabu au ya usanifu, usihame kwa kuniona mimi. Nyota iliyobaki ni ya skana. Kitambulisho kikija kuskaniwa namwambia mteja avute subira, naitoa laptopu ya zamani chini ya kaunta, ile niliyoiacha na Windows 10 na kuinyima intaneti. Inachukua dakika nne kuamka.