Kikanisa cha Mamajusi, Florence: ukifika Italia usikikose

Kama una nafasi ya kuingia jumba moja tu Florence, ingia Palazzo Medici Riccardi, upande ghorofani ukaone kikanisa cha ukoo wa Medici. Ni chumba kidogo, na wageni huingizwa wachache wachache kwa zamu. Utaratibu huo nimeupenda sana, maana hakuna kusukumana na macho yanapata kutulia.

Jumba lilisanifiwa na Michelozzo kwa ajili ya Cosimo de' Medici, tajiri wa benki. Mwaka 1459 Benozzo Gozzoli alianza kuzipamba kuta kwa msafara wa Mamajusi, yaani wale wafalme wa mashariki, wakienda kumwona mtoto Yesu. Njia wanayopita ni vilima vya Toscana, mkoa wa Florence yenyewe, na wengi walio nyuma ya wafalme ni akina Medici wenyewe na jamaa zao. Hapo palikuwa mahali pa kusali, lakini mgeni aliyekaribishwa humo alijua mara moja yuko kwa nani. Dhahabu imebandikwa kila mahali, hadi kwenye lijamu za farasi. Kwa mwanga wa mishumaa lazima zilikuwa zinawaka.

Watu wote hukimbilia mfalme kijana mwenye farasi mweupe. Mimi nakuomba umtafute Cosimo nyuma yake, amepanda nyumbu, mavazi yake hayana makuu. Karibu naye anatembea kwa miguu kijana mweusi aliyeshika upinde. Uso wake umechorwa kwa uangalifu uleule waliopewa matajiri, na mimi ndipo niliposimama muda mrefu kuliko kwingine. Kisha angalia kundi la nyuma: kofia nyekundu yenye maandishi ya dhahabu ni ya mchoraji mwenyewe, ameandika jina lake humo.

Kitu kimoja kinauma. Akina Riccardi, ukoo mwingine, walilinunua jumba mwaka 1659, na baadaye walipojenga ngazi kubwa, kona moja ya kikanisa ilisogezwa ndani na mchoro ukakatwa. Kovu hilo linaonekana wazi, msafara unavunjika ghafla. Jengo lao, sawa, lakini kwa ajili ya ngazi!

Jua pia kwamba picha ya altareni, Bikira Maria akimwabudu mwanawe msituni, ni nakala, ingawa ni ya zamani. Ile halisi ya Filippo Lippi iko Berlin, katika jumba la makumbusho ya picha liitwalo Gemäldegalerie. Malaika waliopiga magoti pembeni, wao ni wa Gozzoli kabisa. Wape dakika zako za mwisho kabla zamu yako haijaisha.