Miezi minane na fotokopi yenye rola inayorudi nyuma

Nina steshenari Tanga, karibu na geti la shule ya sekondari, na kinachoniweka mjini ni kopi za mitihani. Asubuhi moja wanaweza kunijia walimu watatu, kila mmoja ana maswali ya kurasa nne na wanafunzi zaidi ya mia. Siku kama hizo ndipo unapojua kwamba kwenye mashine ya kopi mateso makubwa si tona, yaani wino wa unga, ni karatasi.

Mashine yangu ya zamani ilitenganisha karatasi kwa kipande cha mpira kilichobanwa chini ya rola. Rola inavuta, mpira unazuia, inapita moja. Mpira ukishalika zinapita mbili tatu kwa pamoja, na unakuja kugundua umeshapiga pini kuwa ukurasa wa tatu ni mweupe. Fida ya juu, ile inayojivutia yenyewe karatasi za kunakiliwa, ndiyo ilikuwa mbaya kabisa. Mama mmoja aliniletea cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, karatasi laini ya siku nyingi, imekunjwa mara nne. Nikakipitisha juu. Kikatoka kimejikunjakunja kama kipepeo na pembe imechanika. Nililipia cheti kipya, lakini uso wa yule mama bado ninao.

Hii ya sasa niliinunua Januari, mtumba. Kabla ya kutoa hela nilimwomba fundi achomoe kaseti, yaani trei ya karatasi, anionyeshe rola. Zilikuwa tatu. Ya kwanza inashuka juu ya karatasi na kuisogeza, ya pili inaivuta ndani. Ya tatu iko chini ya hiyo ya pili, na mota inaisukuma izunguke kurudi nyuma. Ikiingia karatasi moja, mvuto wa rola ya juu unaishinda nguvu, nayo inakubali kufuata. Zikiingia mbili, zenyewe kwa zenyewe zinateleza, basi rola ya chini inapata nafasi ya kuirudisha ya pili kwenye kaseti. Nilimwomba fundi arudie mara tatu ili nione. Aliyebuni kitu hiki namheshimu kwa moyo wote. Tangu Januari, karatasi nyeupe katikati ya mtihani nimeikuta mara mbili tu.

Ndani zaidi kuna jozi ya rola zinazosimama kuisubiri karatasi. Ncha ikizigonga, karatasi inabetuka kidogo, inanyooka, ndipo zinaiachia. Maandishi hayaendi upande tena.

Masika ndiyo yalinisumbua. Hewa ya huku pwani ina unyevu, na rimu iliyoachwa wazi usiku kucha inaunyonya. Karatasi hiyo ikipita kwenye rola za moto zinazogandisha tona, inatoka imejikunja, halafu ikigeuzwa kurudi kupigwa upande wa pili, inakwama. Hapo chini ya kaseti kuna hita ndogo ya kukausha karatasi, lakini mashine ilifika kwangu haijaunganishwa na hakuna aliyeniambia. Ukinunua mtumba, ulizia hita hiyo. Tangu iunganishwe, kukwama kumepungua sana, na rimu nafungua ile ninayoimaliza siku hiyo.

Ikikwama inasimama palepale na skrini inanionyesha mlango wa kufungua. Xerox 914, fotokopi ya mwaka 1959 iliyozoesha maofisi kutoa kopi kwenye karatasi za kawaida, ilikuja na kizima moto chake, maana karatasi iliyokwama karibu na joto iliweza kuwaka. Nikilikumbuka hilo, nafungua mlango na kuvuta karatasi taratibu kwa mikono miwili, bila hasira.

Rola nazifuta kila Jumamosi kwa kitambaa chenye maji kidogo, maana vumbi la karatasi linazifanya ziteleze. Fida ya juu ya mashine hii ni nzuri, maswali ya walimu nayapitisha huko bila wasiwasi. Vyeti vya watu naviweka kwenye kioo, kimoja kimoja, hata foleni ikifika nje.