Mkando wa limfu Kisumu: kiganja chepesi, bango lenye chumvi

Dada yangu mkubwa aliondolewa tezi za kwapani alipofanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti, na mwaka uliofuata mkono wake wa kushoto ukafura hadi saa ikakataa kufunga. Daktari alipohakikisha kwamba hapakuwa na damu iliyoganda wala maambukizi, hali ambazo haziruhusu mkando wa limfu, yaani kuyasukuma kwa kiganja maji ya mwilini ambayo kwa kawaida hupitia kwenye tezi kama hizo, alituelekeza kwenye kliniki ndogo ya tiba ya viungo mtaani Milimani, Kisumu, nami nikamsindikiza kwa majuma matatu.

Aliyezoea masaji ya kukandamizwa hadi misuli ilie atadhani ametapeliwa. Mhudumu hakutumia mafuta, kwa kuwa kiganja kinachoteleza hakiwezi kuivuta ngozi. Aliisogeza polepole kwa mizunguko, kwa uzito usioweza kupasua nyanya mbivu. Tena hakuanzia penye uvimbe, bali shingoni, kisha kwapa la upande wa pili, akitueleza kuwa limfu haina moyo wa kuisukuma, hivyo ni lazima njia ya mbele ifunguliwe ndipo maji ya nyuma yapate pa kupitia. Utaratibu huu ulibuniwa na Emil Vodder na mkewe Estrid, raia wa Denmark waliokuwa wakifanya kazi Ufaransa katika miaka ya 1930.

Baada ya kukandwa, mkono ulifungwa bendeji tabaka kwa tabaka kuanzia vidoleni, na nadhani nusu ya dawa ilikuwa hapo, maana siku aliyoifungua mapema kwa kushindwa na joto la Kisumu, uvimbe ulirudi kabla ya magharibi. Kila Ijumaa alipimwa kwa utepe kama wa fundi cherehani. Kufikia Ijumaa ya tatu, sehemu ya juu ya kiwiko ilikuwa imepungua sentimita mbili, na ngozi ikibonyezwa haikubaki na shimo.

Mara mbili tulisubiri zaidi ya saa nzima ilhali tulikuwa na miadi. Linaloniudhi zaidi ni bango la mapokezi linaloahidi kupunguza unene na kuondoa sumu mwilini, ilhali sumu ni kazi ya ini na figo, na maji yaliyosukumwa si mafuta yaliyoyeyuka. Nilipomwuliza mhudumu, alicheka, akasema bango si lake.

Mwenye uvimbe wa aina hii ningemtuma huko bila kusita. Aulize mapema bei ya bendeji, ambayo sisi hatukutajiwa kwenye simu, na avae blauzi ya mikono mipana, kwani mkono uliofungwa hauingii katika ya kawaida.