Nilivyokula chaza Gazi, safari ya pili

Safari ya kwanza nilitoka patupu. Nilishuka matatu Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, njia ya Lunga Lunga ukishapita Ukunda, nikakata kijijini hadi ukingoni mwa mikoko, kwenye banda la makuti nililokuwa nimeelekezwa. Nikaagiza chaza. Kijana aliyekuwa akisugua sufuria akacheka. "Leo maji mafu, kaka, hayakupwi sana. Chaza watoke wapi?" Nikala samaki wa kukaanga kwa ugali. Mtamu, sikatai, lakini sikuvuka feri ya Likoni na kubadilisha matatu kwa ajili ya samaki.

Kumbe hapa anayepanga chakula ni bahari. Chaza wenyewe wamegandia mizizi ya mikoko na miamba, na wengi hufikiwa maji yakikupwa sana, yaani siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku hizo maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi. Baba na wanawe wawili huingia mikokoni na nyundo na kisu, mama anapika, binti anashika hesabu. Ukifika saa sita unawakuta chaza bado wana matope. Piga simu jana yake, watakwambia ukweli.

Mara ya pili nilikwenda siku mbili baada ya mwezi mpevu. Nikaagiza wa kuchoma. Mama huwapanga juu ya wavu wa makaa, upande uliobonyea chini, ili maji yao yasimwagike. Unakaa ukiwatazama, kimya, mpaka mmoja anatoa mvuke "chii" na gamba la juu linaachama kidogo tu, upana wa ukucha. Hapo anapenyeza ncha ya kisu nyuma, kwenye bawaba, anazungusha mkono, limetoka. Tone la ndimu, pilipili ya ukwaju, basi. Nyama ni ndogo, kama kidole gumba, lakini ina chumvi ya bahari mwanzo, utamu katikati, na mwisho kitu kama sarafu ulimini. Dazeni shilingi 600. Nilikula mbili na sikuona haya.

Wa nazi sikuwapenda. Tui zito, bizari nyingi, na chaza wamechemka hadi wakawa mpira. Ungeniwekea vipande vya ngisi nisingejua. Nilipomuuliza mama kwa adabu kwa nini asiwatie mwishoni, akasema wageni wengi humrudishia chaza akiwa laini, wanadhani hajaiva. Sawa, lakini sisi tunaojua tunaumia kwa sababu yao.

Nikaomba pia wabichi. Akakataa katakata. "Mwanangu, mvua ya juzi imeteremsha maji ya mto. Sikupi mbichi hata ukinilipa mara mbili." Mto ni Mkurumudzi, unamwaga kwenye ghuba hiyohiyo. Na chaza chakula chake ni kuchuja maji, kwa hiyo uchafu ulioletwa na mvua anaumeza na kukaa nao. Kwa neno hilo moja nilimwamini kuliko mahoteli yenye vitambaa vyeupe mezani.

Lawama ninazo. Vipande vya gamba vilibaki kwenye chaza wangu wawili, kimoja nusura kinitoe jino. Choo kiko mbali na maji unabeba kwa ndoo. Malipo ni M-Pesa au pesa taslimu, na siku ile mtandao ulikuwa umelala; nilitembea karibu nusu ya njia ya kurudi barabarani ndipo ujumbe ukaenda. Binti hakunifuata wala hakuniomba niache kitambulisho. "Ukifika penye mtandao utatuma," akasema, akaendelea kufuta meza.

Nimeshatazama kalenda. Mwezi mpevu ujao unaangukia katikati ya wiki, na ruhusa kazini nimeomba leo asubuhi.